Mlolongo wa 1988: Kisa cha Kura Iliyopigwa Mbele ya Macho ya Watu

Jumatatu tarehe 22 Februari 1988, wanachama wa KANU, chama tawala, kote nchini Kenya waliitwa kuteua wagombea wa ubunge katika majimbo 188, na utaratibu wa kuwateua haukuwa na karatasi wala sanduku. Mgombea au wakala wake alisimama uwanjani, mara nyingi picha ya mgombea ikiwa imeinuliwa juu, na kila mpiga kura alitakiwa kwenda kujipanga nyuma ya yule aliyemtaka. Msimamizi alihesabu vichwa, akaandika idadi, na foleni ikavunjika. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alitangazwa kuwa amepita bila kupingwa, kwa hiyo jina lake halikurudi tena kwa wananchi katika kura ya siri ya tarehe 21 Machi. Wakenya waliuita utaratibu huo mlolongo, na ukilitaja neno hilo leo mbele ya mtu aliyekuwa mzima wakati ule, huhitaji kumweleza zaidi.

Mlolongo umeelezwa mara nyingi kama kisa cha wizi wa kura, na wizi ulikuwapo. Ninataka kuutazama kwa upande ambao haujadiliwi sana, yaani upande wa mtu wa kawaida aliyefika uwanjani asubuhi ile akiwa tayari ameshaamua moyoni, kisha akalazimika kuupitisha uamuzi wake mbele ya majirani, wakwe, mwajiri na chifu kabla haujahesabiwa. Tunapozungumza juu ya ujasiri wa kusimama peke yako tumezoea kuuhesabu kuwa tabia ya mtu, kana kwamba wako waliozaliwa nao na wako waliokosa. Kisa hiki kinaonyesha kwamba ujasiri unaohitajika hupangwa na wenye mamlaka: ukimwondolea mtu siri ya kura, umempandishia bei ya kusema kweli, na wengi watashindwa kuilipa hata kama ni watu wema.

Ili kuelewa kwa nini mlolongo ulikubalika, ni lazima turudi nyuma kidogo. Juni 1982 Bunge liliifanya KANU kuwa chama pekee kinachoruhusiwa na sheria. Agosti mwaka huo lilifuata jaribio la mapinduzi lililoshindwa, na tangu hapo serikali ya Rais Daniel arap Moi ilizidi kumtazama kwa shaka kila aliyeonekana kuwa na sauti yake. Septemba 1984, akirejea kutoka Ethiopia, Rais aliwataka mawaziri, mawaziri wasaidizi na wengine wote waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama yeye mwenyewe alivyouimba wa Mzee Kenyatta alipokuwa makamu wake. Agizo hilo lilitolewa hadharani, bila kuficha, na lilisikika hadi vijijini. Kadi ya KANU ikawa kitu cha kutembea nacho, kwa kuwa vijana wa chama waliweza kumdai mtu kadi hiyo hata sokoni na kwenye vituo vya matatu. Kufikia 1986, kufuata nyayo, yaani kumfuata Rais bila kuuliza, kulikuwa kumeshakuwa adabu ya kila siku, na mtu aliyekaa kimya wakati wenzake wakipiga makofi alikuwa ameshaonekana.

Ni katika hali hiyo, Agosti 1986, chama kilipoamua kwamba uteuzi ufanywe kwa foleni. Hoja iliyotolewa haikuwa ya kipuuzi, na tusiidharau. Ilisemwa kwamba sanduku la kura linaweza kujazwa karatasi usiku, ilhali foleni inaonekana na kila mtu. Kwamba ni nafuu na ni nyepesi kwa asiyejua kusoma. Kwamba wazee wetu waliamua mambo yao hadharani, chini ya mti, bila kujificha. Mtu aliyechoshwa na malalamiko ya chaguzi zilizopita angeweza kuikubali hoja hii kwa nia safi.

Kilichoachwa nje ya hoja hiyo ni swali la nani anayetazama. Mzee aliyeketi barazani zamani alikuwa akitazamwa na watu waliokuwa sawa naye. Katika uwanja wa Februari 1988 mtazamaji mkuu alikuwa chifu au naibu wake, na hao hawakuchaguliwa na kijiji bali waliwajibika kwa Ofisi ya Rais kupitia kwa DO, yaani ofisa wa tarafa, na mkuu wa wilaya. Chifu ndiye aliyemtambulisha kijana aliyetaka kitambulisho. Ukame ulipoingia, orodha ya watakaopata chakula cha msaada ilipitia mikononi mwake. Aliweza kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba, kumkamata mpika pombe au kumfumbia jicho. Hakuwa na sababu ya kutisha mtu siku ya mlolongo. Ilitosha awepo na kukumbuka. Na ukimwondoa chifu, walibaki wengine: mwenye duka anayekukopesha unga hadi mwisho wa mwezi, msimamizi wa shamba la chai unakofanya kibarua, baba mkwe ambaye ukoo wake umeshakubaliana juu ya mtu wake. Foleni iliwageuza wote hao kuwa mashahidi wa uamuzi mmoja, kwa wakati mmoja, wala hapakuwa na njia ya kumridhisha huyu bila yule kukuona.

Shinikizo la namna hii lilikuwa limeshapimwa katika mazingira tulivu zaidi. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, akifundisha katika chuo cha Swarthmore huko Marekani, aliwakusanya wanafunzi katika vikundi vidogo na kuwaonyesha mistari, akiwauliza ni upi kati ya mitatu unaolingana kwa urefu na mstari wa mfano. Jibu lilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho. Lakini katika kila kikundi ni mtu mmoja tu aliyekuwa akijaribiwa. Waliobaki walikuwa wamepangwa kabla kutoa jibu moja la uongo kwa sauti. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa waliungana na uongo huo angalau mara moja, na kwa jumla karibu theluthi ya majibu yao katika raundi hizo yalifuata kundi. Hapakuwa na chifu pale, wala chakula cha msaada, wala kazi ya kupoteza. Kulikuwa na aibu tu ya kuwa peke yako.

Kuna mambo mawili katika kazi ya Asch yanayoangukia kisa chetu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba mtu aliporuhusiwa kuandika jibu lake kwa siri badala ya kulitamka, kufuata kundi kulipungua sana, ingawa bado alikuwa amewasikia wenzake wote wakikosea. La pili ni kwamba mtu mmoja tu akitoa jibu la kweli kabla yake, yule anayejaribiwa hupata nguvu na makosa hushuka hadi sehemu ndogo ya yaliyokuwa. Lakini mwenza huyo akimwacha na kujiunga na kundi, makosa hurudi. Mlolongo uliivunja njia ya kwanza kwa makusudi. Njia ya pili uliiacha wazi bila kukusudia, maana foleni fupi bado ni foleni: ukiona watu 20 wamesimama nyuma ya mgombea asiyependwa na wakubwa, unajua kwamba wewe utakuwa wa 21, si wa kwanza.

Na watu walisimama. Hili ndilo jambo ninaloona limesahaulika zaidi. Lalamiko lililoenea nchi nzima baada ya uteuzi ule, na ambalo mpaka leo ndilo kumbukumbu kuu ya mlolongo, ni kwamba mahali pengi aliyekuwa na foleni fupi alitangazwa mshindi na mwenye foleni ndefu akaenda nyumbani. Kila mtu hulisimulia kama ushahidi wa ulaghai wa wakubwa. Ni ushahidi wa jambo jingine pia. Lau wananchi wangekuwa wametii, hesabu isingehitaji kubadilishwa. Foleni ndefu iliyoshindwa ilikuwa ni mamia ya watu, wakulima na akina mama wa sokoni na walimu wa shule za msingi, waliojua kabisa ni nani anayetazama na bado wakaenda kujipanga mahali ambapo hawakutakiwa. Hatuna majina yao, na hawakupata hata faraja ya kuhesabiwa sawasawa.

Kwa hiyo tukiuliza ni wapi ujasiri ulipopungua siku ile, tusiangalie foleni kwanza, tuangalie meza ya msimamizi. Wakuu wa wilaya ndio waliotangaza matokeo, na wao walikuwa watumishi wa serikali waliohamishwa, kupandishwa au kustaafishwa kwa neno la wakubwa wao. Ofisa wa namna hiyo alisimama mbele ya umati uliokuwa umeona kwa macho yake yenyewe ni foleni ipi iliyo ndefu, akasoma idadi isiyolingana na kilichoonekana. Mtu anaweza kushangaa aliwezaje kustahimili macho ya watu wote wale. Jibu langu ni kwamba macho aliyoyaogopa hayakuwa uwanjani. Kundi lake lilikuwa la maofisa wenzake na wakubwa wake wa kazi, na ndani ya kundi hilo idadi aliyoisoma ilikuwa jibu lililotarajiwa. Aliyekataa angebaki peke yake bila kumjua mwingine aliyekataa katika wilaya ya pili, kwa sababu tofauti na wanakijiji, maofisa hao hawakuwa na foleni ya kuwaonyesha wako wangapi.

Nao wananchi hawakuwa na pa kukimbilia. Karatasi za kura zinaweza kuhesabiwa upya mbele ya jaji. Foleni iliyotawanyika haiwezi. Uwazi uliosifiwa sana 1986 ulidumu kwa saa chache za asubuhi, kisha ushahidi wote ukarudi nyumbani kwa miguu yake.

Waliopinga hadharani tangu mwanzo walitoka zaidi makanisani. Agosti ile ile ya 1986, wachungaji wapatao 1,200 waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, waliukataa utaratibu wa foleni. Sababu yao ilikuwa ya kichungaji kabla ya kuwa ya kisiasa: mchungaji anayeonekana amesimama nyuma ya mgombea mmoja amewageuka waumini waliosimama nyuma ya mwingine, na Jumapili inayofuata atawahubiria wote. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki na Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri waliendelea kusema, kila mmoja kwa namna yake, wakati wabunge na mawaziri wakishindana kuwashutumu.

Inafaa kuuliza kwa nini ni hao. Sidhani kwamba maaskofu walikuwa mashujaa kuliko wakuu wa wilaya kwa kuzaliwa. Walikuwa na mambo ambayo ofisa hakuwa nayo. Mshahara wao haukutoka Ofisi ya Rais. Walikuwa na mimbari, yaani mahali ambapo mtu anaruhusiwa kusema kwa dakika 30 bila kukatizwa, na kitabu mkononi ambacho hata mtawala alikiheshimu. Zaidi ya yote walikuwa wachache lakini hawakuwa pweke: kauli ya Okullu kule Nyanza ilimfikia Gitari kule Kirinyaga magazetini, na kila mmoja alijua kwamba yupo mwenzake. Hapo ndipo ninapouona ule mwenza mmoja wa Asch akifanya kazi yake nje ya chumba cha majaribio.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kinga hiyo ilitosha. Aprili 1989, baada ya Gitari kulaani udanganyifu katika chaguzi za eneo lake, watu walivamia nyumba yake usiku, akaokoka kwa kupanda paani na kupiga kelele hadi majirani wakaja. Muge alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990 alipokuwa akitoka Busia, siku chache tu baada ya Waziri wa Kazi, Peter Okondo, kumwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai; Okondo alijiuzulu. Katika serikali yenyewe, Kenneth Matiba, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, alijiuzulu Desemba 1988 akipinga wizi katika chaguzi za chama zilizofuata, na chama kikamfukuza. Waziri kujiuzulu kwa hiari lilikuwa jambo ambalo nchi ilikuwa karibu imesahau kwamba linawezekana. Alikuwa tajiri, na utajiri wake ulimpa nafasi ambayo mwalimu wa kijijini hakuwa nayo. Lakini mawaziri wengine matajiri walikuwapo, nao walibaki vitini.

Sehemu ya mwisho ya kisa hiki ndiyo inayonifanya niamini kwamba kufuata kundi huwadhuru hata wale wanaowataka watu walifuate. Mwaka 1990, minong'ono ilipozidi na madai ya vyama vingi yalipopamba moto, Rais aliunda kamati ya kuitathmini KANU chini ya Makamu wa Rais, Profesa George Saitoti. Kamati ilizunguka nchi, na wananchi walioitwa kutoa maoni juu ya chama walifungua vifua kuliko ilivyotarajiwa: waliulaani mlolongo, wakalaani kanuni ya asilimia 70, wakalaani watu kufukuzwa chamani ovyo. Inafaa kukumbuka kwamba wasemaji hao ni wananchi wale wale waliodhaniwa kuwa wameridhika.

Desemba 1990 wajumbe wa chama walikutana Kasarani, Nairobi, kuijadili ripoti ya kamati. Msemaji baada ya msemaji aliinuka kutetea utaratibu uliokuwapo, wakiamini kwamba wanasema anachotaka kiongozi wao. Kisha Rais akasimama akasema kwamba mabadiliko yakubaliwe, na ukumbi ule ule ukayakubali. Mlolongo ukafa siku hiyo, pamoja na kanuni ya asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1991, hapo hapo Kasarani, jambo lile lile lilijirudia kwa uzito mkubwa zaidi: wajumbe waliulaani mfumo wa vyama vingi kwa maneno makali, Rais akatangaza kwamba kifungu cha 2A cha Katiba, kile kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kifutwe, na wajumbe wakaunga mkono.

Wengi huwacheka wajumbe wale. Mimi naona hali ile ni ya kuhuzunisha, kwa sababu inaonyesha watu wazima, viongozi katika wilaya zao, waliofika mahali ambapo maoni yao hayakuwa na maana hata kwao wenyewe. Inaonyesha pia kiongozi aliyezungukwa na ukumbi uliojaa watu, naye hana njia ya kujua hata mmoja wao anafikiri nini. Alikuwa ameomba kasuku, akapewa. Alipotaka ushauri wa kweli ilibidi atume kamati iende kuutafuta vijijini, kwa watu ambao miaka miwili kabla foleni zao ndefu zilikuwa zimemwambia mambo hayo hayo bure.

Tuna methali isemayo wengi wape, nayo ni methali nzuri, lakini inadai kwanza tuwajue wengi ni akina nani, na mlolongo uliharibu njia mbili za kuwajua kwa pamoja. Uliwafanya baadhi ya watu waonyeshe wasichokitaka, na ukawaachia wenye kalamu nafasi ya kuwafuta waliokionyesha wanachokitaka. Uingereza iliijua sehemu ya kwanza ya tatizo hili zamani: kabla ya sheria ya 1872 mpangaji alitamka kura yake mbele ya mwenye nyumba au mwenye shamba, na kura ya siri ililetwa ili kumkinga mtu dhidi ya mkono anaoutegemea kwa riziki. Hoja hiyo haikuwa ya Kizungu wala ya Kiafrika. Mkono unaokulisha una nguvu ile ile Lancashire kule Uingereza na Kiharu kule Kenya.

Nimeandika haya kwa sababu foleni haikuzikwa Kasarani. Uganda iliwachagua wenyeviti wa vijiji, wale wa LC1 (ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa), Julai 2018 kwa wapiga kura kujipanga nyuma ya wagombea, na chama tawala cha NRM kilitumia utaratibu huo huo katika kura zake za maoni za 2020. Hoja zinazotolewa ni zile zile za 1986: unafuu, uwazi, urahisi kwa kila mtu. Nakubali kwamba kijiji kidogo kinachohesabu watu wake chenyewe, mbele ya wagombea wote, ni vigumu zaidi kukidanganya kuliko jimbo zima linalomsubiri mkuu wa wilaya, na kwamba gharama ya karatasi na masanduku katika makumi ya maelfu ya vijiji ni kubwa kweli. Lakini hoja hiyo inajibu swali la kuhesabu peke yake. Haigusi swali la yule anayejipanga. Mwenyekiti wa LC1 ndiye anayetia sahihi barua ya utambulisho ambayo mwanakijiji ataihitaji ofisini, na ndiye anayeitwa kushuhudia mtu anapouza au kununua kipande cha ardhi. Akishinda kwa foleni, anaingia ofisini akimjua kwa sura na kwa jina kila aliyesimama nyuma ya mpinzani wake, na atakaa na elimu hiyo kwa muda wote wa uongozi wake.